Siku ya 41: matanga yameanuliwa, watu wameondoka. Wewe ulifanyaje? Tupeane uzoefu

Bint Shella

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Mamangu alifariki miezi saba iliyopita, hapa mtaani Shella, Malindi. Alizikwa siku iyo hiyo baada ya Alasiri. Hitma tukaisoma siku ya tatu, na arobaini ilipofika tukaisoma pia. Siku zote hizo nyumba ilijaa. Majamvi yalitandikwa kutoka ukumbini hadi njiani, mashangazi na mahale wako jikoni, watoto wa watu wamelala kila pembe. Nilichoka nikatamani waondoke nipate nafasi ya kulia. Wakaondoka. Siku ya 41 nikaamka saa kumi alfajiri, nyumba kimya.

Hiyo saa kumi lazima niwaeleze. Mamangu alikuwa akipika mahamri ya kuuza hapo barazani kwetu. Tangu niko mdogo, saa kumi nasikia anakanda unga: kofi, kimya kidogo, kofi. Kisha harufu ya iliki, kisha mafuta yakichachatika karaini, ndipo muadhini aadhini. Mimi adhana nilikuwa naijua kama kitu kinachokuja baada ya mamangu. Sasa muadhini anaanza mwenyewe.

Leso yake ya mwisho niliitia kwenye mfuko wa plastiki nikaufunga fundo. Kila Ijumaa naufungua, nanusa mara moja tu, nafunga haraka, nikichelea harufu yake isije ikaisha. Juma lililopita nilifungua nikasikia harufu ya plastiki peke yake. Nililia kuliko siku ya mazishi.

Tafadhalini, msinijibu "subira" halafu mkaishia hapo. Subira naijua na naiomba kila swala. Lakini Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, na hakuna aliyemwambia imani yake ni haba. Nataka kujua mlifanya nini hasa. Mlikula vipi, mlilala vipi, vitu vya marehemu mlivipeleka wapi, nani alikuja, nani hakuja. Waliofiwa zamani na waliofiwa jana, karibuni.

Msafiri wa Barani

Makiwa dadangu. Kazana tu, dunia ni njia, sote tutapita. Muda utakusahaulisha.

Bint Shella

Ahsante kaka, najua umesema kwa nia njema. Ila mimi sitaki kumsahau. Hicho ndicho kinachonitisha.

Mwana wa Mayungu

Makiwa, Bint Shella. Hii ya kuogopa kusahau imenifanya niandike, na mimi si mtu wa kuandika.

Babangu alikuwa nahodha. Walitoka Mayungu watu wanne mwezi wa Juni, upepo wa kusi umeshakaza, kwa sababu nyumbani kulikuwa hakuna kitu na bei ya samaki msimu huo huwa nzuri. Mashua ilipinduka. Wawili waliokoka kwa kushikilia madumu. Babangu na kijana mmoja wa jirani hawakuonekana. Tulitafuta siku nne. Wakati wa kusi maji husukuma kuelekea kaskazini, kwa hivyo tulipita fuo zote, Mambrui mpaka Ngomeni, tukiuliza wavuvi, tukiangalia kila kinachoelea. Tulipata ubao mmoja wa mashua na kofia ambayo haikuwa yake.

Msikitini akaswaliwa swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Watu wakaja, wakala, wakaondoka. Lakini mamangu alikataa kukaa eda. Alisema, "Eda ya nani? Mume wangu yuko baharini, hajarudi." Kila usiku alipakua wali akaufunika kwa kawa, akauweka pale pale anapokaa baba. Asubuhi anawapa kuku. Miezi miwili. Sisi watoto tukawa hatujui tulie au tungoje. Ukilia, umemuua baba. Usipolia, unapasuka.

Mwishowe ami yangu alitupeleka kwa kadhi. Tulikuwa tumeambiwa kwamba kwa sheria ya nchi mtu asiyesikika habari zake hungojwa miaka 7 ndipo achukuliwe kuwa amekufa, na mamangu aliposikia hivyo alifurahi, maana alijua ana miaka 7 ya kungoja. Kadhi aliwaita wale wawili waliookoka, akawasikiliza polepole, akawauliza mara ya mwisho walimwona wapi, maji yalikuwaje, walikuwa mbali gani na nchi kavu. Mmoja akasema alimwona anazama, na kwamba alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya mamangu. Mamangu akajifunika uso kwa buibui. Siku hiyo ndiyo tulifiwa kwetu. Akaanza eda, na sahani ikaacha kuwekwa.

Hatuna kaburi. Wenzangu Ijumaa huenda kuzuru, mimi huenda pale mashua ilipokuwa ikipandishwa, naketi, nasoma Yasini, narudi. Mwanzo nilikuwa siwezi kula samaki. Nilikuwa nikifikiri mambo ambayo sitayaandika hapa. Mwaka mzima.

Kilichonitoa ni wavu. Babangu aliacha wavu umeraruka, ameushona nusu, sindano ya mti bado imening'inia na uzi wake. Siku moja nilikaa nikauendeleza. Vifundo vyake vimebana, vidogo, vimelingana. Vyangu ni vikubwa na vimelegea. Mvuvi mmoja mkongwe alinishauri nikate sehemu yangu nianze upya ipate kulingana. Nilikataa. Ukipitisha mkono juu ya wavu huo unajua baba aliishia wapi na mimi nilianzia wapi. Nautumia mpaka leo, na samaki nala.

Bint Shella

Mwana wa Mayungu, nimesoma mara tatu. Mungu amrehemu nahodha. Mamako yu hali gani sasa?

Mwana wa Mayungu

Yupo, alhamdulillahi. Anafuga kuku wengi.

Mama Mapacha Mmoja

Jina langu nililojipa mtalielewa.

Nilijifungua watoto wawili, mmoja akaishi saa tisa. Alikuwa wa kiume. Alikoshwa, akakafiniwa, akazikwa nami bado niko kitandani hospitali, sikumshika ila mara moja. Niliporudi nyumbani watu walikuja na furaha na pole kwa pamoja, hawajui waanze na ipi. Wakaniambia: shukuru una mmoja. Wakaniambia: huyo ni wa peponi, atakuombea. Naamini hivyo, wallahi naamini. Lakini maziwa yalijaa ya watoto wawili. Siku ya tatu kifua kiliuma nikalia kwa sauti, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mwili haujui kuhesabu waliokufa. Nilikuwa nakamua kwenye bakuli, namwaga. Kila nikimwaga ni kama namnyima.

Kwa mtoto mdogo hakuna matanga. Hakuna arobaini. Mume wangu akarudi kazini, na hakulitaja jambo lile tena, nikadhani hajali. Mpaka siku nilipopekua mfuko wa kanzu yake ya Ijumaa nikakuta ule utepe wa hospitali wa mkononi, mdogo kama pete. Amekuwa akitembea nao.

Aliyenisaidia ni mama mkwe. Alikuja kutoka Mambrui, akamchukua mtoto aliye hai akamtia mapajani, akaniuliza, "Na yule mwenzake, alifanana na nani?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia alikuwa na pua ya babake, na nywele nyingi, na kidole cha mwisho cha mguu kimejikunja. Nikaongea mpaka Magharibi. Akasikiliza kama anasikiliza habari za mjukuu aliyeko safarini.

Kwa hivyo mkienda kumpa mtu pole, muulizeni alikuwaje. Jina lake nani. Msiogope kwamba mtamkumbusha, hajasahau.

Mwalimu wa Marafa

Poleni sana. Mimi ni Mgiriama, Mkristo, nafundisha shule ya msingi hapa Malindi. Nilimzika dadangu mdogo miaka minne iliyopita, akiwa na miaka 19.

Wengi wenu mnajua hanga, yaani matanga, za kwetu siku hizi. Jamaa walikuja na shauri la disko matanga: spika kubwa, jenereta, vijana walipe, pesa zipatikane za jeneza na chakula. Serikali imepiga marufuku mara nyingi na watu wanajua kwa nini. Wasichana wadogo huharibiwa gizani wakati wazee wamelala. Baba akasimama akasema binti yake hatazikwa kwa kuharibu mabinti wa wenzake. Wakamwuliza watu watakula nini. Akasema watakula ugali na mboga ya mchicha, na asiyetaka aende kwake. Baadhi ya ndugu walikasirika, na wawili hawajatuzungumzisha mpaka leo. Usiku ule kina mama wazee waliimba nyimbo za zamani, sauti tupu na kayamba, wanalitaja jina la dadangu ndani ya wimbo. Niliweza kulia. Penye spika kubwa mtu hasikii hata kilio chake mwenyewe, na naona kwa sehemu ndiyo sababu tunaziwasha.

Sasa jambo ambalo sijawahi kulisema kanisani. Babu yangu alikuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima wa kwetu, na alipokufa alisimamishiwa kigango, ule mti mrefu uliochongwa kichwa cha duara na kutiwa nakshi za pembetatu mwilini. Wasiokuwa wa Gohu huwekewa koma, kijiti kifupi kisicho na makuu. Nilipokuwa kijana nilimwonea haya baba kila alipomimina tembo ya mnazi pale chini akasema, "Baba, mbuzi wamezaa. Baba, mvua haijaja." Niliona ni ujinga. Alipofiwa na binti yake nilimsikia alfajiri amesimama pale anamwambia babu, "Mpokee, hajui njia." Nikarudi ndani nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Si mimi wa kumimina tembo. Lakini kusema nasema. Kila ninapokwenda nyumbani nasimama penye kaburi la dadangu namweleza habari: fulani kaolewa, mwembe wako umezaa, mama anatumia sasa miwani. Dakika kumi tu. Narudi mwepesi.

Na kwa kuwa nimegusa vigango, jueni kwamba vimeibwa vingi sana na kuuzwa ng'ambo kama mapambo. Kuna familia karibu na Kaloleni iliibiwa viwili mwaka 1985, vikaonekana kwenye makumbusho Marekani, vikarudishwa 2007. Miaka 22. Mtu ambaye ameshafiwa akafiwa tena na yule yule. Huwa nafikiria hilo nikiona kigango kimewekwa ukutani kwa mtu asiyejua kilisimamishiwa nani.

Msomaji tu

Mimi sitasema mengi. Wangu alikuwa Shakahola, kwenye msitu ule ambako wafuasi wa mhubiri walifunga kula mpaka wakafa. Walipoanza kufukua makaburi Aprili 2023 nilikuja Malindi, nikatoa mate ya kupimia vinasaba, nikarudi kungoja. Miili ilikuwa zaidi ya 400. Ya kwanza kukabidhiwa jamaa zake ilitoka Machi 2024, wangu alikuja baadaye. Watu hawakujua waniambieje pole, kwa sababu walitaka kwanza kuniuliza alifuata nini kule. Nami sina jibu. Alikuwa mtu mpole, akipenda kuimba. Mwana wa Mayungu, hilo la kushindwa kulia kwa sababu ukilia umemuua, nimelielewa.

Mwana wa Mayungu

Pole ndugu yangu. Pole bila swali lolote.

Muuguzi wa Zamu

Nimewasoma wote usiku huu nikiwa kazini.

Mimi hutoa habari za vifo. Nimefundishwa kukaa, kusema neno "amefariki" waziwazi, kunyamaza. Kisha kakangu akafa kwa ajali ya bodaboda, na yote niliyofundishwa hayakunifaa. Miezi mitatu nilikuwa nakwenda kazini, nacheka na wenzangu, narudi nakaa bafuni bila kufungua maji. Nikawa najipima kwa zile hatua tano, kukana, hasira, kujadiliana, huzuni kuu, kukubali. Nikaona mimi naruka, narudi nyuma, nazichanganya, nikadhani nina kasoro. Baadaye nilisoma kwamba Elisabeth Kübler-Ross, aliyeziandika mwaka 1969, alikuwa akizungumzia wagonjwa wanaokabili kifo chao wenyewe. Hazikuwa ratiba ya wafiwa. Kuna watafiti wawili, Stroebe na Schut, walioandika mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo yumo ndani ya msiba, kesho anashughulikia ada ya shule na paa linalovuja, kesho kutwa amerudi kwenye msiba. Huko kwenda na kurudi ndiko kupona kwenyewe. Nilipolisoma hilo nilipumua. Ndiyo hali ya pwani yetu, maji kujaa na kupwa.

Ila niseme kama muuguzi, na naomba mnisikie. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa majonzi ya kupita kiasi, na orodha yake ya magonjwa yenye jina hilo ilianza kutumika 2022. Ikiwa imezidi miezi 6 na mtu bado hawezi kula, kulala, kufanya kazi, kila siku yake ni kumlilia marehemu kupita hata desturi za watu wake, huyo si mwenye imani haba na wala hakurogwa. Apelekwe hospitali azungumze na mshauri. Na akisema anataka kumfuata marehemu, hata kama anasema kwa kutabasamu, usimwache peke yake usiku huo, mwende naye siku hiyo hiyo. Nimeona waliochelewa.

Bint Shella, unalala? Unakula?

Bint Shella

Nalala mpaka saa kumi. Kula nakula nikiletewa. Nakuahidi nitakuja kuonana na mtu, Muuguzi.

Kizuka wa Zamani

Wanangu, mimi ni mtu mzima kidogo kuliko nyinyi. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Vijana hudhani ni kifungo. Kwangu ilikuwa stara. Hakuna aliyenitaka niende sokoni, hakuna aliyenitaka nicheke. Nilikaa chumba cha ndani na tasbihi yangu, wanawake wenzangu wakiingia wakitoka, na kila mmoja alijua ninachokifanya. Leo naona mabinti wa ofisini wanapewa siku chache kisha wanatakiwa watabasamu, nawahurumia.

Matatizo yangu yalianza nilipotoka. Siku ile ile niliyovua eda, ndugu mmoja wa mume wangu alikuja kuchukua injini ya mashua, akasema ni mali ya ukoo. Kisha ikawa shamba la minazi. Nilikuwa na watoto watano. Hasira ilinikausha machozi, mwaka mzima sikumlilia mume wangu, nilikuwa namgombania. Nilikwenda kwa kadhi, na nikajifunza kuisoma mirathi kama nilivyosoma juzuu: mjane mwenye watoto thumuni, asiye na watoto robo, na watoto wana yao, na deni hulipwa kabla ya mgao. Injini ilirudi. Ndugu tulipatana, na alipougua mimi ndiye niliyempelekea uji.

Ndipo nikamlilia mume wangu. Mwaka wa pili, katikati ya siku, nachambua mchele. Kwa hivyo asikwambie mtu umechelewa au umezidisha.

Na la chakula nitalisema hata kama litawaudhi wengine. Alipouawa Jaafari, binamu yake Mtume, Mtume aliamrisha watu wa nyumba ya marehemu wapikiwe, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Wapikiwe wao. Sisi tumegeuza, mfiwa ndiye anayekopa ng'ombe na magunia ya mchele kulisha mtaa. Nilipofiwa, deni la duka nililimaliza baada ya mwaka na nusu. Kilichonishibisha hakikuwa pilau ile. Jirani yangu mmoja, baada ya arobaini, aliniletea chai ya tangawizi kila siku saa kumi na moja jioni. Hakusema kitu, anakaa mpaka nimalize kikombe, anachukua birika lake. Miezi.

Bint Shella mwanangu, ile leso itoe mfukoni. Plastiki ndiyo inayokula harufu. Ifue, uivae.

Bint Shella

Bi, nilikusoma Jumatano nikakasirika. Naomba radhi. Alhamisi niliitoa, nikakaa nayo mapajani mchana kutwa. Usiku nikaifua kwa mkono, nikaianika uani. Ina maandishi "Wema hauozi", nilikuwa nimesahau, kwa sababu siku zote ilikuwa imekunjwa.

Jana, Ijumaa, nilijifunga ile leso nikakanda unga saa kumi. Sikupima. Mamangu hakuwahi kupima, alikuwa akiweka tui mpaka mkono wake umwambie basi, na mkono wangu hausemi kitu bado. Hayakuumuka vizuri, yalitoka bapa na magumu kidogo pembeni. Nikayatoa barazani hivyo hivyo kwenye sinia yake. Nilikaa nikitetemeka. Mtoto wa kwanza kupita ni wa jirani, anakwenda chuoni na juzuu kwapani. Akatazama sinia, akanitazama, akauliza, "Bibi amerudi?" Nikamwambia hapana, ni mimi. Akafikiri. Akasema, "Basi nipe mawili."

Mwana wa Mayungu, siku ukipita Shella mapema, utaniona.

Mwana wa Mayungu

Insha'Allah. Nitamleta na mamangu.